Kabla uwawekee watoto muvi hiyo Jumapili

Chagua muvi ukimfikiria yule mdogo zaidi, si yule wa gredi ya tatu mwenye makelele, maana mkubwa atavumilia katuni ya watoto wadogo lakini wa miaka mitatu hawezi muvi ya mkubwa, na usiku ni wewe utaamka naye.

Hapa Kisumu wengi bado tunaendea muvi kwa jamaa wa flashi. Ukimwambia akuwekee za watoto anakujazia folda nzima, na ndani kuna katuni za watoto na kuna zingine zimechorwa tu kama katuni lakini maneno yake huwezi sikiza na mama mkwe. Angalia alama ya KFCB, ile bodi ya Kenya inayopanga muvi kwa umri, kama ipo: GE ni ya kila mtu, PG mzazi awe hapo, halafu kuna 16 na 18, hizo leo hazituhusu. Lakini alama peke yake haikutoshi. Chukua Supa Modo ya 2018, muvi yetu ya Kenya, dakika 74 tu na Kiswahili kiko ndani, tamu sana, ila ni ya msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona. Wa miaka minane naweza kumwekea nikiwa nimekaa hapo, maana maswali yatakuja. Wa minne, angoje kwanza. So usiku kabla, wakishalala, ipitie hiyo muvi hata kwa kurukaruka, na usiruke dakika ishirini za mwisho.

Anza mapema, kama saa kumi jioni hivi. Baada ya sapa wamechoka na kila kitu kinawatisha mara mbili. WHO walisema mwaka wa 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na chini ya miaka 2 wasiwekewe kabisa, na muvi nyingi zinapita saa moja na nusu, so mimi huikata, nusu Jumamosi nusu Jumapili. Mara ya kwanza watalia. Baadaye utawasikia wakibishana asubuhi nzima vile itaisha, na hiyo kubishana mimi naona ni tamu kuliko muvi yenyewe.

Kama sebule yako inaangalia ziwa, jua la jioni litapiga TV moja kwa moja, tundika leso dirishani. Mlango utaacha wazi tu ju ya joto, na watoto wa ploti wataingia, hilo halina dawa, lakini waulize mama zao kwanza, kuna wenye hawataki mambo ya wachawi na mazimwi na hiyo ni haki yao. Mbu wakianza kuingia uwe unakaribia kumaliza.

Popkoni na njugu usimpe mtoto hajafika miaka minne, zinampalia haraka, hasa akicheka na mdomo umejaa. Mpe ndizi, ama viazi vitamu vilivyoiva vizuri. Na usizime taa zote, unataka kuona nyuso zao.

Ju hapo ndio kazi iko. Mtoto kabla alie kwa uoga huwa ameshakuonyesha: anaacha kutafuna, anavuta shuka mpaka puani, anaanza kuulizia susu na ametoka choo saa hii. Wa miaka mitatu minne anaogopa sura, meno, macho mekundu, hata kama huyo zimwi ndiye mzuri wa stori. Wa miaka minane sura haimsumbui sana, anaogopa kile kinaweza kutokea kweli, nyumba kuchomeka, mama kufa, mtoto kupotea sokoni. Huyo mkubwa unaweza kumwelezea akaelewa. Mdogo ukimwambia "hiyo si ya ukweli" umesema bure, bado hawezi kutenganisha. Mpakate, mpe maji anywe, punguza sabufa maana mara nyingi kinachotisha ni ule muziki, na akiendelea kujificha sogeza mbele ama zima kabisa. Na usikubali kaka yake amcheke.

Kizungu cha muvi kikiwapita, wanong'onezee kidogo kidogo, usigeuke DJ wa muvi ukameza stori yote. Simu yako iweke mbali, wanajua ukiwa hauko nao.

Stima ikipotea katikati, waulize wao nini kitafuata na kila mtu amalizie yake. Na wakiomba ile ile wikendi ijayo, wawekee tu, mtoto mdogo hupenda kujua kinachokuja, na wewe angalau hautakuwa na kazi ya kuipitia usiku.