Somo: Kupima hatari ya maporomoko ya theluji milimani Uswisi

Somo hili ni la wenzetu wanaoishi Uswisi, ambao wakati wa baridi hualikwa kupanda milima ya Alps kwa skii au kwa viatu vipana vya theluji, nje ya njia zilizofunguliwa rasmi. Wengi wanaofukiwa huko hufukiwa na maporomoko waliyoyaanzisha wao wenyewe au wenzao.

Hatua ya 1. Soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, ambayo katika msimu hutolewa kila siku saa 11 jioni. Hatari hupangwa katika viwango 5. Tafadhali msidhani kwamba kiwango cha 3, kwa kuwa kipo katikati, ni cha kawaida: hapo uzito wa mtu mmoja unatosha kuporomosha mteremko, na ndicho kiwango kinachoua watu wengi zaidi. Soma pia maelezo yake, maana hutaja pande za mlima na mwinuko wenye hatari.

Hatua ya 2. Pima mteremko kwenye ramani ungali nyumbani. Mabamba ya theluji, yaani tabaka za theluji iliyoshikana, huporomoka hasa penye nyuzi 30 au zaidi. Angalia na miteremko iliyo juu ya njia yako, kwa sababu unaweza kuiporomosha ukiwa chini yake.

Hatua ya 3. Ukifika, tazama na usikilize. Maporomoko mapya, nyufa zinazokimbia kutoka miguuni, au mlio mzito wa theluji inayotitia chini yako ni amri ya kurudi. Upepo nao hurundika theluji upande wa mlima uliojikinga, ikagandamana kuwa bamba. Chimba kwa koleo: ukikuta chini ya theluji iliyoshikana tabaka la chembe kubwa zinazomiminika kama sukari, jua kwamba bamba lile halina kishikizo.

Hatua ya 4. Vukeni mmoja mmoja, kila mtu akiwa na kifaa cha mawimbi ya redio kilichowashwa, cha kuwaongoza wenzake kumpata akifukiwa, ufito mrefu wa kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikikuta wengine wameshapita, si ushahidi kwamba pako salama?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Bamba linaweza kuwastahimili watu kadhaa, kisha likakatika mmoja anapokanyaga palipo pembamba, mara nyingi karibu na mwamba.

Swali: Mwenzetu akifukiwa, tusubiri waokoaji?
Jibu: Msisubiri. Uwezekano wa kumpata hai hushuka kwa kasi baada ya dakika 10 hivi, nayo helikopta huchukua muda zaidi. Mmoja apige 1414, namba ya Rega, huduma ya uokoaji kwa helikopta, wengine waanze kutafuta papo hapo.

Swali: Kile kifaa cha mawimbi ya redio kinaweza kukaa begani, ndani ya mkoba?
Jibu: La. Mkoba unaweza kung'olewa na theluji. Kifunge mwilini, chini ya koti la nje, na simu ikae mbali nacho, kwa kuwa huvuruga mawimbi yake.