Kabla ya kuchagua kati ya skrini mbili

Ikiwa muuzaji wa hapa Goma amekuwekea mezani skrini mbili za inchi 27, moja ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa 2160 na nyingine ya 2560 kwa 1440, kumbuka kwamba ile ya kwanza huilazimisha kadi ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora vinavyoonekana kwenye skrini, kuchora pikseli mara 2.25 ya zile za mwenzake, ndiyo maana mchezo uliokuwa ukienda vizuri huanza kukwamakwama. Anayeshinda akisoma majedwali atafurahia herufi safi za skrini hiyo ya kwanza. Mimi, ninayecheza usiku, ningechukua ya pili, mradi ionyeshe picha 144 kwa sekunde. Kagua pia kebo inayounganisha kompyuta na skrini: HDMI 1.4, toleo la zamani la muunganisho huo, huishia picha 30 kwa sekunde kwenye ile ya kwanza, na hapo hata mshale wa kipanya huonekana ukiburuta miguu.