Paili kwenye mwamba uliooza: kutoka sanduku la sampuli hadi jeki

Mwongozo huu ni wa mhandisi kijana au msimamizi wa saiti aliyekabidhiwa paili za kuchimbwa (nguzo za zege zinazomiminwa ndani ya shimo refu ardhini ili zibebe jengo) kwa mara ya kwanza huku Kisumu na viunga vyake. Acha kuifikiria paili kama mguu wa meza uliosimama juu ya jiwe. Kwenye mwamba uliooza, paili hubebwa kwanza na mbavu zake, yaani msuguano wa pande zake na ukuta wa shimo. Kitako, yaani ncha yake ya chini, huchangia baadaye, tena kama ulikisafisha.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

Ukiwa uwanda wa Kano, juu utakuta udongo mweusi, ule mafundi wanaouita blaki-kotoni. Kiangazi hupasuka hadi mkono unazama, masika huvimba na kuinua kilicho juu yake. Msuguano wa tabaka hilo usiuhesabu kabisa, na vyuma vya paili vishuke urefu wote, kwa sababu udongo ukivimba huivuta paili kwenda juu. Karibu na ziwa, tarajia maji mapema shimoni. Waliojenga ufuoni 2020, ziwa lilipopanda, hawahitaji kuambiwa.

Ukipanda Maseno au Maragoli, shida ni nyingine: graniti.

Hatua ya 2: Usimwamini anayesema “tumefika mwamba”

Pita barabara ya Bondo, simama Seme uitazame Kit Mikayi. Sasa fikiria mawe yale yamefukiwa, na katikati yake mchanga na mfinyanzi. Ndivyo graniti inavyooza: maji hupenya kwenye nyufa, yakala pembeni, na katikati hubaki bonge gumu. Kekee ikigonga bonge hilo, mashine hulia vilevile kama imegonga mwamba mama.

Nililipia somo hili upande wa Maseno. Mchimbaji aliniambia mwamba uko mita 6, nami nikatia sahihi. Paili ya jirani, hatua nne tu kutoka pale, ilishuka mita 11 bila kugusa kitu kigumu. Tangu siku hiyo, kila shimo la utafiti naliendeleza mita 3 zaidi ndani ya kinachoitwa mwamba, hata mwenye mradi akinung'unika.

Sampuli zikitoka, chuchumaa kwenye sanduku mwenyewe. Chukua kipande, kiminye. Kikisagika vidoleni na kulegea ukikitia kwenye kopo la maji, hicho bado ni udongo wenye sura ya mwamba. Kisipolegea majini lakini ukakivunja kwa mikono miwili, umefika mwamba uliooza sana. Kikikushinda mikono, hapo unaweza kuanza kupanga kitako. Kisha pima vipande vyenye urefu wa milimita 100 au zaidi, ujumlishe. Kama katika mita 1.5 iliyochimbwa vimetoka milimita 300 tu, hiyo ni asilimia 20, na mwamba huo ni wa nyufa tupu.

Kwenye udongo wa juu, nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka milimita 760 hukupa hesabu ya mapigo. Ikifika 50 kabla bomba la sampuli halijazama milimita 300, watu hushangilia. Wewe kumbuka bonge.

Hatua ya 3: Piga hesabu mara mbili

Tuchukue paili yenye kipenyo cha milimita 600. Mzunguko wake ni mita 1.885, kitako mita mraba 0.283. Nguvu tunazipima kwa kN, yaani kilonewton. Thamani za msuguano hapa ni za mfano. Zako zitoke kwenye ripoti yako.

Mita 3 za udongo mweusi: sifuri.
Mita 5 za udongo mgumu, kN 40 kwa mita mraba: kN 377.
Mita 3 ndani ya mwamba uliooza, kN 120: kN 679.
Kitako, kN 3,000 kwa mita mraba: kN 848.

Jumla ni kN 1,904. Gawanya kwa 2.5, kigawanyo cha usalama, unapata 762. Sasa jifanye kitako hakipo: mbavu peke yake ni kN 1,056, gawanya kwa 1.5, unapata 704. Chukua ndogo, 704: huo ndio mzigo wa kazi. Mbavu hutoa karibu nguvu zake zote paili ikishuka milimita 5 hadi 10. Kitako kilichokaa juu ya matope chaweza kudai hadi sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani milimita 60, na kabla ya hapo kuta za jengo zimeshapasuka.

Hatua ya 4: Chimba na umimine siku hiyohiyo

Shimo lililolala na maji usiku kucha huota utelezi ukutani, na zile kN 679 ulizozitegemea hupungua. Shusha futi ya kupimia iliyofungwa uzito hadi chini: ikigonga na kuruka, kitako ni safi, ikizama kimyakimya kama jiwe kwenye uji, rudisha ndoo ya kusafishia. Fanya hivyo tena baada ya kushusha vyuma, maana vyuma hukwangua kuta.

Palipo na maji, zege lipite kwenye bomba refu, na ncha yake ibaki imezama mita 2 ndani ya zege muda wote. Bomba likichomolewa mapema, maji huingia katikati na paili inakatika shingo bila mtu kuona.

Hatua ya 5: Jaribu kwa jeki

Paili itakayobeba jengo huongezewa mzigo kidogo kidogo hadi mara 1.5 ya mzigo wake wa kazi. Kwa mfano wetu ni kN 1,056. Soma geji ya mshuko kila hatua, chora mchoro palepale kwenye daftari, mzigo ukienda kulia na mshuko ukienda chini. Mwanzo mstari hulala karibu bapa: mbavu zinashika. Ukipinda ghafla kuelekea chini kabla ya mzigo wa kazi, kuta zilikuwa na utelezi au kitako kina matope. Ukiutoa mzigo, subiri usome paili imerudi kiasi gani. Ile iliyoshuka milimita 6 na kurudi 4, mimi huitia sahihi. Iliyoshuka 20 ikarudi 3, naomba shimo la pili la utafiti pembeni yake kabla kolamu haijasimama.