Letaboksingi na jiokeshingi na skauti wako: anza hivi, na usiwatishe majirani

Viongozi wengi wakisikia mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa wanafikiria lazima kila mtoto awe na simu ya tachi, basi wanaachana nayo kabla hata hawajaanza. Si lazima. Anza na letaboksingi, yaani kutafuta boksi kwa kufuata dalili zilizoandikwa na kugonga mihuri ukilipata, hiyo inataka dira, raba, wino na kidaftari tu, halafu jiokeshingi, ambapo boksi linatafutwa kwa GPS ya simu, ije baadaye watoto wakishajua kuhesabu hatua na kufuata nyuzi za dira, manake mtoto aliyeanzia kwa simu anatembea macho kwa skrini hadi anaingia mtaroni.

Historia kwa ufupi tu. Letaboksingi ilianzia Dartmoor, Uingereza, 1854, pale James Perrott aliyekuwa anaongoza watalii alipoacha chupa Cranmere Pool wageni waweke kadi zao. Jiokeshingi ni ya juzi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani ilizima ule mtambo wa kuvuruga GPS ya raia makusudi, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza kodineti zake, yaani namba za kuonyesha mahali ilipo, kwa intaneti. Ndani ya ndoo alitia hadi mkebe wa maharage, kitu ambacho siku hizi hakiruhusiwi, na hapa kwetu huhitaji kuelezwa kwanini, weka peremende moja tu kwa boksi ukae karibu na kima wa msitu wa Karura uone. Skauti wa Marekani nao wana beji ya jiokeshingi tangu 2010.

Sasa kazi yenyewe. Kila mtoto achonge muhuri wake. Nunua zile raba nyeupe kubwa za kufutia, mtoto achore picha kwa penseli laini kwenye karatasi, aigeuze aikandamize kwa raba na kucha, mchoro utahamia pale ukiwa umegeuka na hivyo ndivyo unatakiwa uwe, ukigonga muhuri utatoka sawa. Halafu achonge sehemu zisizo na penseli, taratibu, milimita mbili hivi zinatosha, akienda ndani sana kile kinachobaki kinakuwa chembamba kinakatika. Chipukizi, skauti wa umri wa kati, wanaweza kutumia kikata karatasi mtu mzima akiwa hapo, lakini Sungura, wale wadogo kabisa, usiwape wembe, wape kalamu ya biki iliyoisha wino wakandamize mistari kwa raba, inatosha kabisa kutoa nyota au samaki. Raba ikikosekana soli ya kandambili iliyochoka inafanya kazi vizuri tu.

Kwa boksi lenyewe unaweka muhuri wa boksi na daftari la boksi. Anayelipata anagonga muhuri wa boksi kwa daftari lake, anagonga wake kwa daftari la boksi, anaandika tarehe, anarudisha kila kitu kama alivyokikuta. Chombo kiwe na kifuniko cha kukaza, mkebe wa Kimbo uliooshwa na sabuni hadi harufu ya mafuta iishe ni sawa, chupa ya mdomo mpana ni bora zaidi. Ukisoma maelekezo ya ng'ambo watakuambia funga daftari kwa mfuko wa plastiki, usikimbilie hapo, Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Chupa ikikazwa vizuri daftari halilowi.

Utamu wote uko kwa kuandika dalili na hapo usiwe mvivu. Vitendawili tunavyo tangu utotoni, vitumie. Mfano wa kambi ya shule: “Anzia mlingoti wa bendera, elekea jua linapochomoza mita 40. Ajenga ingawa hana mikono, simama chini ya nyumba zake. Shika nyuzi 210, mita 25, tafuta pale maji ya paa yanapotua.” Hapo mtoto ametumia jua, akategua kitendawili akatafuta mti wenye viota vya mnana, akashika dira, akafikiria mvua inapita wapi. Andika umbali kwa mita wala si hatua, hatua ya Sungura na ya Mwamba, skauti mkubwa, haziwezi kulingana, na kabla ya mchezo pima mita 100 uwanjani kila mmoja atembee kawaida ahesabu zake mwenyewe. Kwa upande wa dira Kenya tuna bahati, tofauti ya kaskazini ya sumaku na ile ya ramani ni kama nyuzi moja tu, kwa umbali mfupi hivi isahau.

Alama za njia za skauti pia ziingize, mshale wa mawe, msalaba wa njia isiyofuatwa, na boksi la mwisho liwekee ile duara yenye nukta katikati. Ndiyo hiyo iko kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, pale Nyeri, alikofariki Januari 1941, maana yake nimeenda nyumbani. Ukiwapeleka Nyeri waonyeshe, wataielewa kuliko ukiichora ubaoni.

Wakishaiva hapo ndio ulete GPS. Simu moja kwa patroli, yaani kikundi kidogo cha skauti, ibadilishane mikono, na akaunti ya programu iwe ya kiongozi wala si ya mtoto. Kodineti huandikwa hivi: S 00° 25.500 E 036° 57.000, yaani digrii halafu dakika zenye desimali. Makosa ni mawili na sisi wa karibu na ikweta yanatuuma zaidi. La kwanza, kuweka N badala ya S, ukiwa Nyeri simu inakupeleka kama kilomita 94 kaskazini, Nanyuki ushaipita. La pili, kusoma 25.500 kana kwamba ni 0.255 ya digrii wakati ni 0.425, hapo umekosea karibu kilomita 19. Waeleze pia kwamba tarakimu ya mwisho kabisa ni kama mita mbili, na GPS yenyewe hata penye uwazi ina kosa la mita tatu hadi tano, chini ya miti zaidi, kwa hivyo wakifika karibu simu iingie mfukoni waanze kutumia macho. Na kijiti. Mkono hauingii shimoni kabla ya kijiti, nyoka hasomi beji.

Ruhusa sasa, hii wengi wanairuka. Chombo kilichofungwa kimefichwa mahali pa watu, kwa nchi ambayo imeona mashambulizi ya kigaidi ya 1998 na ya Westgate, kinaweza kuita polisi, na watakuwa na haki. Usifiche kwa stendi ya matatu, moli, karibu na ofisi ya serikali wala kituo cha polisi. Ongea na mwalimu mkuu, padri, mzee wa mtaa au wasimamizi wa msitu, onyesha chombo kikiwa wazi, andika nje kwa rangi MCHEZO WA SKAUTI na namba ya kiongozi, mkebe uwe wa kuona ndani ukiweza. Usichimbe, jiokeshingi rasmi hairuhusu kuchimba shimo bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi, na ukitaka kusajili boksi lako kwa tovuti ya geocaching.com lazima liwe angalau mita 161 kutoka kwa lingine.

Mengine ni ya kawaida, watoto wawe wawili wawili au zaidi, kiongozi mmoja abaki kambini na orodha, filimbi kwa kila patroli. Kila mkebe upewe namba kwenye kifuniko na namba hiyo iandikwe kando ya jina la patroli iliyouficha, kambi ikiisha patroli hiyohiyo ndiyo inaenda kuuleta, na basi halitoki mpaka namba zote zimerudi.