Kadi ya mkopo: usilipe kile kiwango cha chini tu

Ndugu zangu mnaofanya kazi za hoteli hapa Malindi, msimu wa wageni ukichangamka, fungueni taarifa ya kadi kabla pesa haijapata kazi nyingine. Chukua deni la shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi: riba peke yake ni 1,800. Kiwango cha chini ambacho benki inakutaka ulipe kila mwezi kikiwa 3,000 na ukalipa hicho tu, deni limepungua 1,200 basi. Lakini ukiongeza 3,000 nyingine, yote inakata deni lenyewe. Hapo ndipo penye nafuu.

Ukiwa mwanachama wa sacco, ulizia mkopo wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani riba inahesabiwa kwa deni lililobaki tu, ulifute deni la kadi mara moja. Riba ya mwezi wa kwanza inashuka hadi 600. Ulizia pia ada ya mkopo na bima, maana wengi husahau. Kisha iambie benki ipunguze kikomo cha kadi, la sivyo itajaa tena ifikapo Mei, hoteli zikipunguza watu. Na tafadhali sana, usitoe pesa taslimu kwa kadi hiyo. Kwa kawaida riba yake huanza siku ile ile.