Taa ya Mafuta Ikiwaka Kati ya Lindi na Mtwara
Taa ya mafuta ikiwaka ukiwa umeshaipita Mingoyo kuelekea Mtwara, usikimbize gari ili uwahi kituo, kwa maana mwendo mkali ndio unaomaliza kile kidogo kilichobaki. Shika kilomita 60 hadi 80 kwa saa, zima kiyoyozi, na uachie pedeli mapema unapolikaribia tuta badala ya kufunga breki ghafla. Kamwe usizime injini kwenye mteremko, kwani usukani huwa mzito na breki hupungua nguvu.

Pampu ya magari mengi ya petroli imo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe, hivyo mimi hujaza mshale ukifika robo, hasa kabla ya safari ya usiku. Injini ikianza kukatakata, egesha pembeni kabisa, washa taa za tahadhari, kisha weka pembetatu nyuma.