Unataka mtoto na unatumia ARV? Anza na namba

Siku nilipomwambia nesi nataka mtoto wa pili, alifunga faili akaniuliza, "Na hali hii?" Nikanyamaza, nikaondoka. Sasa mimi ni WAVIU mshauri, yaani ninaishi na VVU na ninawashauri wenzangu, hapa Mwanza, na haya ndiyo ninayowaambia kabla mimba haijaingia.

Kwanza, uliza wingi wa virusi. Usikubali "uko vizuri tu". Omba namba, iandike kwenye kadi. Virusi visipoonekana kwenye kipimo, humwambukizi mwenzio kwa tendo la ndoa. Vikizidi 1,000 kwa mililita ya damu, subiri: meza bila kuruka, urudie kipimo baada ya miezi mitatu. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa na mama zao. Mama akimeza sawasawa, hawafiki 5.

Pili, mwenzio apime. Kama hana virusi, PrEP, dawa ya kumkinga asiambukizwe, ipo.

Tatu, siku za kushika mimba. Mke wa mvuvi wa dagaa anajua: giza mume yuko ziwani, mbalamwezi yuko nyumbani. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14. Siku hizo zikiangukia giza miezi kadhaa na mimba haijaingia, usizisingizie ARV.

Ukishanasa, angalia vidonge vya kuongeza damu. Hapa wengi wanateleza. Madini ya chuma yaliyomo huishika TLD, kidonge cha ARV cha kila siku, tumboni isiingie vizuri mwilini. Meza vyote pamoja na chakula, au uvitenganishe. Mimi vya damu nilimeza saa saba mchana, TLD saa mbili usiku baada ya ugali.

Jifungulie kituoni. Mtoto apewe dawa ya kinga tangu siku ya kwanza, na apimwe akifikisha wiki 6.

MASWALI

*Shikamoo mama. Maziwa yangu yana sumu?*
Marahaba mwanangu. Hapana. Nyonyesha miezi 6 maziwa matupu. Uji, maji, hata ya mchango, hapana. Baada ya hapo mpe chakula huku ukinyonyesha, mwaka na zaidi, ila dawa usiache.

*Dada, mama mkwe anadai mjukuu wa nne. Mimi nimechoka.*
Basi umechoka. Haki ya kuzaa ndiyo hiyo hiyo haki ya kutozaa. Mwambie uzazi mmeupanga, ya kliniki hayamhusu. Ila kama una kijiti cha uzazi wa mpango na bado unatumia dawa yenye efavirenzi, sema kliniki, maana hukipunguzia kijiti nguvu. TLD haina shida hiyo.

*Mume hajui hali yangu, na mimba ina miezi miwili.*
Ana mkono mwepesi? Kama ndiyo, usimwambie mkiwa wawili ndani. Mwite kliniki ya wajawazito, mpimwe pamoja na majibu mpewe pamoja. Mshauri hatasema kwamba ulishajua. Nitumie ujumbe pembeni, nikusindikize.